Kuyeyusha risasi nje wakati mvua haieleweki: Mambo ya kuzingatia Mbozi Mission

Risasi inayozungumziwa hapa ni metali, ile nzito, laini, ya rangi ya kijivu, ambayo risasi ya bunduki ilipata jina kutoka kwake. Mafundi huitumia kutengeneza chubwi za nyavu na ndoano, na vitu vingine vidogo vinavyohitaji uzito. Imo pia kwa wingi ndani ya betri ya gari.

Ubaya wake ni kwamba inayeyuka kirahisi mno. Chuma kama cha Kimondo cha Mbozi kinahitaji joto la zaidi ya nyuzi 1,400 za Selsiasi. Risasi inahitaji nyuzi 327 tu, na jiko la mkaa linatosha. Ndiyo maana kazi hii hufanyika uani, mara nyingi na mtu ambaye hajawahi kuelezwa hatari zake.

Ushauri wa kwanza anaopewa ni kufanyia kazi nje. Ni ushauri sahihi, ila haujakamilika. Nje kuna hewa, lakini pia kuna mvua, umande na upepo.

Mvua ina ubaya gani?

Maji yakigeuka mvuke yanahitaji nafasi kubwa, zaidi ya mara 1,600 ya ile yaliyokuwa nayo. Tone likidondoka juu ya risasi iliyoyeyuka linaweza kuchemka na kuruka tu. Lakini maji yakinaswa chini ya risasi, mvuke hukosa njia na kuirusha juu kwa kishindo. Kinachoruka ni metali ya moto inayonata kwenye ngozi na kuweza kupofusha macho.

Hakuna anayeweza kujua tone lipi litaruka na lipi litanaswa. Kwa hiyo kanuni ni moja: maji na risasi ya moto visikutane.

Na si lazima maji yatoke mawinguni. Kipande chenye unyevu kikitumbukizwa kwenye risasi iliyokwisha kuyeyuka hulipua vilevile. Kijiko chenye umande, kalibu iliyolala nje usiku au bomba lenye maji ndani, vyote ni hatari hata siku ya jua kali.

Kabla ya kuwasha moto

Mkoa wa Songwe uko kwenye maeneo yanayopata msimu mmoja wa mvua, Novemba hadi Aprili. Miezi hiyo asubuhi inaweza kuwa nyeupe na mchana ukaangusha mvua bila hodi. Kazi isiyo ya haraka isubiri kiangazi. Ikibidi kufanyika, haya yazingatiwe:

- Utabiri: Taarifa ya Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA) iangaliwe siku hiyohiyo. Wingu zito au ngurumo ya mbali inatosha kuahirisha.
- Mahali: Banda lisilo na kuta, lenye paa pana la bati lisilovuja, ndilo linalofaa. Mwavuli na turubai havifai. Turubai hukusanya maji na linaweza kushika moto. Asubuhi ya baridi, bati nalo hudondosha matone kwa ndani, hivyo paa lichunguzwe kwanza.
- Sakafu: Iwe udongo mkavu au mchanga mkavu. Saruji yenye unyevu inaweza kupasuka na kuruka risasi ikimwagikia.
- Chombo: Chungu cha chuma kizito, kilichotulia, cha kazi hiyo tu. Sufuria ya alumini haifai, na chombo kilichotumika kisirudi jikoni kamwe.
- Kiasi: Kidogo kidogo. Lita moja tu ya risasi ina uzito wa kilo 11 hivi, na chungu kilichojaa hakinyanyuliki kwa usalama.
- Mavazi: Miwani au ngao ya uso, glavu nene za ngozi, mikono mirefu ya pamba, na suruali iliyofunika mdomo wa buti. Kandambili ni marufuku, na nguo za nailoni huyeyukia mwilini.

Vipande vyote viwekwe kwenye chungu kabla ya moto kuwaka, ili unyevu ukauke taratibu. Kalibu na kijiko navyo vipashwe moto kwanza.

Mvua ikianza kazi ikiwa motoni

Hapa ndipo wengi hukosea. Wanaona matone, wanakimbia kuhamisha chungu, kinayumba na kumwagika kwenye ardhi iliyoanza kulowa.

Kama chungu kiko chini ya paa, kizimwe na kiachwe hapo. Mfuniko mkavu wa chuma, ambao ulitakiwa kuwa karibu tangu mwanzo, uwekwe juu. Watu wasogee mbali hadi risasi igande na kupoa.

Jiko la gesi ni rahisi kulizima. Mkaa hauzimiki haraka, na kuumwagia maji pembeni ya chungu ni kuita mlipuko. Mlango wa hewa ufungwe, basi.

Risasi iliyogandia chunguni na kunyeshewa isirudishwe motoni siku hiyo. Maji yanaweza kuwa yamejificha kwenye nyufa. Ikauke kabisa, kisha ipashwe polepole.

Moshi na vumbi: hatari isiyopiga kelele

Mlipuko unaonekana. Sumu ya risasi haionekani. Shirika la Afya Duniani (WHO) linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama, na watoto ndio wanaoumia zaidi kwa sababu inaharibu ubongo unaokua. Kwa mjamzito, humfikia mtoto tumboni.

Joto likizidi, mvuke wa risasi huongezeka. Kwa hiyo moto uishie pale metali inapoyeyuka vizuri. Fundi akae upande unakotoka upepo, na kabla ya hapo aangalie moshi unaelekea wapi. Mbozi Mission ina nyumba za watu na hospitali. Upepo wa kiangazi unaomwokoa fundi unaweza kumpelekea jirani.

Kitambaa au barakoa ya kawaida haizuii mvuke huo. Inahitajika barakoa ya viwandani yenye kichujio cha P100 au P3.

Ule uchafu unaoelea juu, ukienguliwa, huwa vumbi lenye sumu. Uwekwe kwenye kopo lenye mfuniko, usitupwe shambani wala kuku wanapochakura. Mikono ioshwe kwa sabuni kabla ya kula, na nguo za kazi zifuliwe peke yake.

Kuna imani kwamba maziwa huondoa sumu. Maziwa ni chakula kizuri, lakini hayaitoi risasi iliyoingia kwenye mapafu na damu.

Betri za gari ziachwe

Kuvunja betri na kuyeyusha sahani zake hakuna namna salama ya kufanyia nyumbani. Kuna asidi, vumbi jingi na metali nyingine zenye sumu.

Mfano upo Owino Uhuru, Mombasa, ambako kiwanda cha kuyeyusha betri kilifanya kazi jirani na makazi. Phyllis Omido, aliyefanya kazi hapo, aligundua mwanawe mchanga ana risasi kwenye damu. Alianzisha mapambano, akapata Tuzo ya Mazingira ya Goldman mwaka 2015. Mwaka 2020 mahakama iliamuru wakazi walipwe Sh1.3 bilioni za Kenya, na baada ya uamuzi huo kutenguliwa, Mahakama ya Juu iliurejesha Desemba 2024. Fedha, hata hivyo, hazirudishi ubongo wa mtoto.

Betri mbovu ipelekwe kwa mnunuzi mwenye kibali cha kushughulikia taka hatarishi, ikiwa nzima.

Ajali ikitokea

Aliyeungua amwagiwe maji safi ya baridi, si ya barafu, kwa dakika 20, akiwa mbali na chungu. Risasi iliyonata isibanduliwe. Ataitoa mhudumu wa afya.

Maumivu ya tumbo, choo kigumu, uchovu na kichwa kuuma hufanana na magonjwa mengine mengi. Daktari aambiwe wazi kwamba nyumbani kuna kazi ya risasi, kwani bila kusema hivyo, si rahisi afikirie kupima damu kwa ajili hiyo.

Na kama wingu limeshatanda, chubwi zinaweza kusubiri kesho.