Kitabu cha Mwenye Kukoma Njiani

Mwenye skuli ndogo ya lugha, aliyepanga vyumba viwili juu ya duka na kulipwa ada mwezi kwa mwezi, hana wizara ya kumchagulia kitabu wala mkaguzi wa kumkemea akichagua vibaya; lakini anaye hakimu mkali kuliko hao wote wawili, naye ni mwanafunzi ambaye, asipoona faida, haji tena, wala haagi. Mtoto wa skuli ya serikali hukaa miaka yake kwa amri ya mzazi na sheria. Huku, mtu mzima, karani au baharia au mama mwenye genge, huja jioni akiwa amechoka, na mambo ya kumkatiza ni mengi: zamu imebadilika, Ramadhani imeingia, mtoto ameugua, ada imekosekana. Ukiitazama tarikhi ya vitabu vya kufundishia Kiingereza kwa jicho la huyu mwenye kukoma njiani, utaona kwamba vingi katika vile vilivyovuma vilikuwa, kwa kusudi au kwa bahati, majibu ya swali moja: mtu huyu akiondoka leo, amebeba nini?

Aliyelitamka swali hilo waziwazi ni Mwingereza Michael West, aliyekuwa katika utumishi wa elimu wa Uhindi na kuongoza chuo cha waalimu mjini Dacca, katika nchi ya Bengal. Katika taarifa yake ya mwaka 1926 juu ya watu wa lugha mbili, alitazama hali ya wale wavulana wengi walioingia skuli, wakasoma Kiingereza mwaka mmoja au miwili, kisha wakatoka kwenda shambani au dukani. Akaazima istilahi ya watu wa bima, ambao wanayo hesabu ya kiasi anachorudishiwa mtu aachaye kulipa kabla ya mkataba wake kutimia, akauliza mvulana kama huyo anarudishiwa nini na masomo yake. Jawabu lilikuwa chungu, kwani miaka ya mwanzo ilitumika kujenga msingi wa nyumba ambayo yeye hangeikaa kamwe, naye akatoka na vipande vya maneno visivyomsomea barua wala kumsemea na mgeni.

Dawa aliyoipendekeza West ni kwamba kusoma kutangulie kusema, kwa hoja kwamba mvulana wa Bengal hana Mwingereza wa kubarizi naye jioni, ilhali kitabu anaweza kukipata. Alipovichungua vitabu vilivyokuwa mikononi mwa watoto, aliona maneno mapya yakimwagwa kwa fujo, neno likichomoza mara moja na kuzama lisionekane tena. Ndipo akatunga mfululizo wake wa New Method Readers, uliochapishwa na Longmans, ambamo maneno adimu yaliondolewa na yale mapya yakapandwa kwa nafasi, kama mtu apandaye minazi, kila mmoja upate hewa yake. Mwaka 1935 akatoa, pamoja na mwenzake, kamusi ambayo maelezo yake yote yaliandikwa kwa maneno 1,490 tu, na mwaka 1953 ikatoka orodha yake ya maneno kama 2,000 yenye manufaa ya jumla, ambayo watunzi wa vitabu waliifuata kwa muda mrefu.

Hapa yanipasa kusimama kidogo, kwa maana mtu wa pwani akisikia habari hizi hawezi kukosa kutabasamu. Waalimu wetu wa chuo hawakuwa na bima wala mahesabu yake, lakini walipomaliza kumfundisha mtoto herufi na irabu hawakumwanzisha katika sura ndefu iliyo mwanzoni mwa msahafu; baada ya Alhamdu walimpeleka mwisho kabisa, kwenye sura fupi za juzuu ya Amma, akapanda nazo kurudi juu. Mtoto aliyetolewa chuoni baada ya miezi michache, kwa sababu babake amehama au amekufa, alitoka na sura za kumtosha katika sala maisha yake yote. Ubora wa mpangilio huo ni kwamba ulimjali anayeondoka bila ya kumdhulumu anayebaki, na sijaona kitabu cha Kiingereza kilichoufikia, ingawa viko vilivyoukaribia.

Kabla ya West, sehemu kubwa ya biashara hii ilikuwa mikononi mwa watu wa ahadi. Ollendorff, aliyefundisha mjini Paris, alichapisha mwaka 1835 kitabu cha Kijerumani chenye ahadi ya miezi sita katika anwani yake, na namna yake ikaigwa kwa lugha nyingine, Kiingereza kikiwamo: kanuni, kisha mlolongo wa sentensi za kufasiri ambazo hakuna mja angezisema kwa hiari yake. Aliyekoma mwezi wa pili alibaki na sentensi hizo.

Mapinduzi yalikuja kwa bahati, kama yalivyo mapinduzi mengi. Maximilian Berlitz, mhamiaji kutoka Ujerumani, alifungua skuli yake huko Providence, Marekani, mwaka 1878, na yasimuliwa kwamba alimwajiri kwa barua kijana wa Kifaransa aitwaye Nicholas Joly, ambaye alipofika alionekana hajui Kiingereza hata kidogo. Berlitz, akiwa mgonjwa, alimwambia afundishe kwa kuonyesha vitu na kuigiza vitendo, akaenda kulala. Alipopata nafuu, baada ya wiki sita, alikuta wanafunzi wakizungumza Kifaransa kwa furaha. Kutokana na kisa hicho, kweli tupu au kweli iliyopambwa, zikazaliwa skuli nyingi katika miji ya Marekani na Ulaya, na vitabu visivyo na tafsiri wala kanuni ndefu, ambamo mwanafunzi wa siku ya kwanza alitoka mlangoni ameshasema sentensi kadhaa za lugha ngeni kwa kinywa chake mwenyewe. Hayo ndiyo marejesho ya papo kwa papo. Gharama yake iliangukia mwalimu, ambaye alitakiwa afuate kitabu hatua kwa hatua, na ambaye sifa yake kubwa ilikuwa kuzaliwa katika lugha ile. James Joyce alikuwa mmoja wao, akiwafundisha Kiingereza maofisa wa jeshi la majini la Austria mjini Pola kuanzia mwaka 1904, kisha Trieste, kwa mshahara ambao hakuacha kuunung'unikia.

Mimi binafsi nampenda zaidi C. E. Eckersley, mwalimu wa Polytechnic ya London, ambaye jawabu lake lilikwenda upande mwingine kabisa. Katika Essential English, iliyoanza kutoka mwaka 1938 na kufikia juzuu nne, alimweka mwalimu mmoja mpole, Bwana Priestley, barazani pake na wanafunzi wachache kutoka nchi mbalimbali, wakila, wakitaniana, na yule kijana Hob akisimulia visa vyake visivyoisha. Eckersley hakujishughulisha sana na marejesho ya anayeondoka. Alimfanya asitake kuondoka. Mtu aliyechoka na kazi za mchana aliweza kurudi jioni kwa sababu tu alitaka kujua Hob amefanya nini, na mwenye skuli aliyekichagua kitabu hicho alipata bila malipo kile ambacho matangazo ya gazetini hayakumletea.

Huku kwetu kitabu hakikuchaguliwa na mwenye skuli ndogo, bali kiliteremka kutoka juu. Ngũgĩ wa Thiong'o amesimulia jinsi alivyosoma katika skuli ya kijijini kwao vitabu vya Oxford Readers for Africa, vyenye watoto wawili, John na Joan, hata akaijua miji ya Oxford na Reading kabla ya kuijua miji mingine ya Kenya. West alihesabu maneno aliyobeba mwenye kukoma; hakuhesabu miji. Baadaye mambo yaligawanyika: Nairobi, kuanzia mwaka 1957, ilijaribu kuwafundisha watoto kwa Kiingereza tangu darasa la kwanza, na kwa ajili hiyo vikatungwa vitabu vipya, ilhali Tanzania, baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, ilifanya Kiswahili lugha ya kufundishia skuli za msingi, na Kiingereza kikabaki kumngoja mtoto kwenye mlango wa sekondari. Katika pengo hilo la mlangoni ndipo vyumba vya kozi ya Kiingereza vinapopatia riziki yao.

Na wenye vyumba hivyo wamejifunza jambo ambalo West hakuligusa, kwamba mwalimu naye hukoma njiani. Akipata kazi ya hoteli au safari ya Maskati huondoka katikati ya wiki, na anayeingia Jumatatu hajui darasa lilifikia wapi. Ndiyo sababu ya kupendwa kwa vitabu vya masomo yanayojitosheleza: First Things First cha L. G. Alexander, cha mwaka 1967, ambamo somo la namba witiri lina mazungumzo na lile la namba shufwa linalolifuata lina mazoezi yake, na Streamline English ya mwaka 1978, iliyotungwa na Bernard Hartley na Peter Viney, waliokuwa wakifundisha katika skuli ya binafsi huko Bournemouth, ambao walibana somo zima katika ukurasa mmoja au kurasa mbili zinazotazamana. Mwalimu mgeni hufungua, hutazama picha, huanza. Mwaka 1985 Raymond Murphy alitoa kitabu chake cha sarufi, maelezo kushoto, mazoezi kulia, majibu nyuma, na hicho, japo kimewekwa katika rafu nyingi za skuli, kilimwezesha mwanafunzi kuihama skuli yenyewe akajifundishe nyumbani.

Nakala za vitabu hivi vyote nimepata kuzikuta kwa wauza vitabu vikuukuu, zimepangwa juu ya turubai kando ya njia, na mazoea yangu ni kuzitazama kwanza ubavuni, zikiwa zimefumbwa. Kurasa za mwanzo zimekuwa nyeusi kwa jasho la vidole, pembe zimekunjika, majibu yamejazwa kwa penseli na kufutwa na kujazwa tena na mkono mwingine. Mahali fulani, aghalabu kabla ya somo la thelathini, weusi unakatika ghafla, na kutoka hapo hadi jalada la nyuma karatasi ni nyeupe, na nyingine bado zimegandana kama zilivyotoka mtamboni.