Hesabu ya Stesheni za Reli ya Uhuru

Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Usemi huu unajulikana na kila mfanyabiashara wa pwani, tangu mwenye jahazi hadi muuza duka. Lakini wahenga hawakueleza lifanyike nini pale daftari zinapokuwa mbili, kila moja ikiwa imeandikwa na mkono mwaminifu, na hesabu zake zisilingane. Hapo mali haipotei kwa kukosa kuandikwa. Hupotea katikati ya maandishi.

Ndivyo ilivyo kwa stesheni za reli ya TAZARA, ambayo wengi waliiita Reli ya Uhuru. Mtafiti anayetaka kujua reli hiyo ilikuwa na stesheni ngapi atakuta maandishi yanayotaja 93, hasa yale yanayofuata hesabu za wajenzi wa Kichina. Atakuta pia vitabu na makala yanayotaja 147. Tofauti ni 54, zaidi ya nusu ya hesabu ile ndogo. Ajabu ni kwamba maandishi hayo hayo hayatofautiani sana juu ya mambo mengine. Mahandaki ni 22 kwa huyu na 23 kwa yule. Madaraja ni 320, au 300 kwa anayependa kufupisha. Urefu ni kilomita 1,860 kwa wote. Mlima ulitobolewa au haukutobolewa. Mto una daraja au hauna. Ila stesheni ni kitu cha aina nyingine, na hapo ndipo penye fundo.

Historia ya reli yenyewe haina utata. Baada ya walowezi wa Rhodesia kujitangazia uhuru wao tarehe 11 Novemba 1965, Zambia ilibaki na shaba yake ndani ya bara, na njia zake za kwenda baharini zikiwa zimepita katika mikono ya mahasimu. Nchi za Magharibi na Benki ya Dunia hazikuona faida ya kujenga njia ya kwenda Dar es Salaam. China ilikubali. Mkataba ulitiwa saini Beijing tarehe 5 Septemba 1967, kwa mkopo usio na riba. Ujenzi ulianza Oktoba 1970, ukavuka mpaka wa Tunduma Agosti 1973, ukafika New Kapiri Mposhi Juni 1975, na reli ikakabidhiwa rasmi tarehe 14 Julai 1976. Kati ya kilomita zake zote, 975 ziko Tanzania na 885 Zambia.

Wapenzi wa ushairi wana faida moja katika jambo hili, kwa kuwa wao wamezoea kuhesabu. Anayepima mizani ya mshororo hahesabu herufi. Neno «mtu» lina herufi tatu na neno «mwana» lina tano, na yote mawili yana mizani mbili. Herufi ya «m» katika neno la kwanza inasimama peke yake na kuhesabiwa. Katika la pili imeegemea mwenziwe, haihesabiwi. Asiyeijua kanuni atapata jumla yake, na jumla hiyo itakuwa sahihi kwa kitu kisichoulizwa. Sheikh Kaluta Amri Abedi alipochapisha sheria za kutunga mashairi mwaka 1954, alikuwa akiwapa washairi kipimo kimoja ili hesabu zao zilingane. Na Euphrase Kezilahabi alipotoa Kichomi mwaka 1974, wakati huo huo mataruma yakitandikwa kuelekea Zambia, ugomvi uliozuka kati ya wanamapokeo na wanamabadiliko haukuwa juu ya idadi ya mashairi yaliyomo. Ulikuwa juu ya nini kiitwe shairi.

Basi nini kiitwe stesheni? TAZARA ni reli ya njia moja. Treni mbili zinazokabiliana haziwezi kupita bila mmoja kumpisha mwenziwe, na kwa hiyo njiani kote pamewekwa mahali penye njia ya pembeni ya kupishania. Kwa mwendesha treni, hapo ni stesheni, hata kama hapana nyumba wala mtu zaidi ya mfanyakazi anayepokea na kutoa ruhusa ya kupita. Kwa mjenzi, stesheni ni jengo, jukwaa na nyumba za watumishi. Kwa karani wa mizigo, ni mahali penye uwanja wa kupakia na kupakua. Mgololo, katika milima ya Mufindi, panajulikana kwake kwa sababu ya kiwanda cha karatasi. Kwa abiria, stesheni ni pale treni inaposimama, basi. Hao wote wakiketi kuhesabu njia ile ile, kwa siku ile ile, hawatatoka na jumla moja, na hakuna hata mmoja wao atakayekuwa amesema uwongo.

Hata huyo abiria hana jibu moja. Treni ya haraka huruka vituo vingi ambavyo treni ya kawaida husimama. Anayehesabu kwa ratiba ya treni ya haraka ataona Ifakara, Mlimba, Makambako, Mbeya na Tunduma, na kati yake pengo refu. Anayehesabu kwa ratiba ya treni ya kawaida atayaona mapengo hayo yakijaa majina. Ratiba nazo hubadilika. Mwaka 2012 TAZARA ilipoanza kuendesha treni ya abiria wa mjini Dar es Salaam kwenda Mwakanga, palizaliwa vituo vya kushukia ambavyo havikuwamo katika ramani ya mwaka 1976. Vituo hivyo viongezwe katika jumla? Akiongeza mtu, ataandika kwamba reli imekua, ilhali haikuongezewa hata kilomita moja.

Tena yako mambo ya mapacha. Tunduma na Nakonde zinatazamana mpakani, moja Tanzania na moja Zambia. Anayehesabu kwa nchi atazihesabu mbili, na anayehesabu kwa miji aweza kuiona moja. Kidatu ni mahali ambapo reli mbili za upana tofauti zilikutanishwa, ile ya TAZARA yenye milimita 1,067 na ile ya kutoka Kilosa yenye milimita 1,000. Shehena inayohama reli hapo haina budi kupakuliwa na kupakiwa upya. Je, hapo ni stesheni moja ya reli mbili, au stesheni mbili zenye jina moja? Na mwisho wa safari unaitwa New Kapiri Mposhi kwa sababu Kapiri Mposhi ya zamani ilikuwapo tayari, juu ya reli nyingine.

Lakini hakuna mahali ambapo hesabu imeyumba kama Nyanda za Juu Kusini, na ajabu yake ni kwamba huko reli haikusogea. Toka Mlimba, bondeni mwa Kilombero, njia hupanda mwinuko mkali hadi Makambako. Kipande hicho ndicho kilichowatoa jasho wajenzi kuliko vyote: mahandaki mengi ya reli nzima yamo humo. Kisha njia hupita Chimala na tambarare za Usangu, hupanda tena hadi Uyole, penye mita 1,789 juu ya usawa wa bahari, ambapo ndipo kilele cha reli yote, halafu huteremka Mbeya na kuendelea Tunduma.

Reli ilipokabidhiwa mwaka 1976, Makambako ilikuwa katika mkoa wa Iringa na Tunduma katika mkoa wa Mbeya. Mtu aliyeulizwa wakati huo stesheni za Iringa angeanza na Makambako, penye njia panda ya barabara kuu na reli, mji ulionenepa kwa mazao ya Njombe na Songea. Mwaka 2012 ulitangazwa mkoa wa Njombe, na Makambako ikahamia huko. Mwaka 2016 ulizaliwa mkoa wa Songwe, na Tunduma ikahamia huko, pamoja na njia yote ya Mbozi. Atakayeweka jedwali la stesheni kwa mikoa, mwaka 1976 upande mmoja na leo upande wa pili, ataona Iringa imebaki na ukingo wa Mufindi tu, na Mbeya imekatwa mkia wake. Msomaji asiyejua ataamini kwamba stesheni zilifungwa. Kumbe kilichohama ni kalamu ya serikali. Mataruma yako palepale yalipolazwa na wale vijana wa Kitanzania, Kizambia na Kichina.

Upo pia mfano wa kinyume. Mji wa Iringa haujawahi kuona reli. Hata hivyo, katika zama za ukoloni shirika la reli liliendesha mabasi na malori yake kutoka reli ya kati, kupitia Dodoma, hadi Iringa na Mbeya. Msafiri aliweza kuanza safari kwa gari la barabara na kuimalizia kwa treni chini ya shirika moja. Kwa daftari la shirika, Iringa na Mbeya zilikuwa vituo vyake. Kwa fundi wa reli, hazikuwa chochote.

Pengine mtu atauliza kuna hasara gani. Ipo, tena si ndogo, kwa sababu kinachohesabiwa ndicho kinachotengewa fedha, mtumishi na taa. Katika miaka ya 1970 vijiji vingi vya ujamaa vilipangwa kando ya reli hii, na watu waliohamia huko waliambiwa kwamba treni ni yao. Wakaitumia kwa namna ambayo wajenzi hawakuikusudia. Mwanahistoria Jamie Monson, katika kitabu chake cha mwaka 2009 juu ya reli hiyo, ameeleza jinsi wakulima na wachuuzi walivyojenga maisha yao juu ya treni: mchele wa bondeni ukipanda, mahindi na maharage ya nyanda za juu yakishuka, na ndizi zikipakiwa madirishani. Treni fupi iliyofanya kazi kati ya Kidatu na Makambako wananchi waliiita kipisi. Kipisi hakikujali ukubwa wa jengo. Kilijali mahali penye watu na magunia.

Shehena ya TAZARA, iliyokusudiwa kufika tani milioni 2 kwa mwaka, ilipanda hadi zaidi ya tani milioni 1.2 mwishoni mwa miaka ya 1970, kisha ikaporomoka hadi chini ya tani 90,000 mwaka 2014/15. Katika anguko la namna hiyo, mkuu wa hesabu huangalia stesheni zisizoingiza kitu. Kwa kipimo cha shaba, kituo kidogo cha mlimani hakina faida. Kwa kipimo cha mama mwenye magunia mawili ya mchele, hicho ndicho kituo pekee duniani. Kikiondolewa katika orodha kwa jina la «kituo cha kupishania tu», huwa hakikufungwa. Huwa kimefanywa kama hakikuwapo.

Tanganyika iliwahi kuona stesheni zikifa kweli. Reli ya Kusini, iliyojengwa kwa ajili ya mpango wa karanga na kuunganisha Nachingwea na bandari za Lindi na Mtwara, ilifungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960 na vyuma vyake vikang'olewa. Na imeona stesheni zikizaliwa upya kwa majina ya zamani: Pugu, Soga, Ruvu na Ngerengere zipo katika reli ya kisasa iliyoanza kubeba abiria mwaka 2024, na zipo pia katika reli kongwe ya kati. Jina moja, majengo mawili, zama mbili.

Kwa hiyo mwenye kuandika historia ya reli hana haja ya kuchagua kati ya 93 na 147 kana kwamba moja ni kweli na nyingine ni batili. Ana haja ya kuuliza kila jumla maswali matatu: imehesabu nini, imehesabiwa na nani, na mipaka yake ni ya mwaka gani. Njia salama ni kuandika majina badala ya jumla. Orodha ya majina, moja moja kwa mpango wa njia, yenye kueleza kila mahali pana jengo au hapana, treni gani husimama na tangu lini, itamwezesha kila msomaji kujumlisha kwa kanuni yake. Jumla peke yake ni kama mshororo uliobakizwa idadi ya mizani na kupoteza maneno.

Haja hiyo haijapata kuwa kubwa kama sasa. Septemba 2024, huko Beijing, viongozi wa Tanzania, Zambia na China walishuhudia kutiwa saini makubaliano ya kuifufua TAZARA. Reli ikifufuliwa, itahesabiwa tena, na wenye mtaji watakuja na kipimo chao. Ni vyema daftari la vituo vidogo, kuanzia Mlimba hadi Tunduma, liwe limeandikwa kabla ya hapo, kwa majina, na watu wake.