Mzee wa majeneza, kabichi ya mara tatu na ugali wetu

Leo tuachane kidogo na siasa. Tuongelee sufuria.

Siku hizi kila kona ya mji utamkuta mtu "ameacha wanga". Ofisini kwetu kuna dada anakuja na kontena la kabichi na mayai mawili. Kuna kaka wa dawati la michezo ambaye hagusi wali, chapati wala kiazi, na asubuhi anakunywa chai bila sukari huku akiangalia maandazi yetu kama mtu aliyeachwa na mchumba. Profesa Mohamed Janabi, ambaye tangu 2025 ni Mkurugenzi wa Shirika la Afya Duniani kanda ya Afrika, alikuwa gumzo mitandaoni kwa ushauri wake wa kula alipokuwa anaiongoza Muhimbili. Watu walimtania sana, lakini wengi walipunguza sahani kimyakimya.

Ukiwauliza hawa ndugu zetu, wanakwambia ni sayansi mpya. Wengine wanasema ni siri iliyofichwa na wauza dawa. Mimi nina ugonjwa wa kupekua mambo ya kale, basi nikapekua. Jamani, hakuna upya wowote hapa. Jambo hili lina umri kuliko reli ya kati.

Tuanzie London. Mwaka 1862 palikuwa na mzee mmoja anaitwa William Banting, kazi yake mazishi. Si mazishi ya akina sisi. Kampuni ya familia yake ndiyo iliyozika wakubwa wa Uingereza: Mfalme George III mwaka 1820, Duke wa Wellington mwaka 1852, Prince Albert mwaka 1861. Mzee alikuwa na pesa, na mwili ukashuhudia. Urefu wake ulikuwa kama sentimita 165, uzito kilo 91 na ushee. Hakuweza kuinama kufunga kamba za viatu. Ngazi alikuwa anashuka kinyumenyume ili magoti yasimsaliti. Alijaribu kupiga kasia, kwenda kwenye mabafu ya mvuke, kunywa dawa za kila aina. Wapi!

Kilichomwokoa ni masikio. Alianza kutosikia vizuri, akaenda kwa daktari wa masikio, William Harvey (si yule wa mzunguko wa damu, huyo ni wa karne ya 17). Harvey huyu alikuwa amewahi kukaa Paris akasikiliza mihadhara ya Claude Bernard, mwanasayansi aliyegundua kwamba ini lenyewe hutengeneza sukari. Akamwangalia mzee, akaona tatizo ni mafuta, siyo sikio. Akampiga marufuku mkate, sukari, bia, viazi, maziwa na siagi. Akamruhusu nyama ya ng'ombe, kondoo, samaki, mboga za majani, kipande kidogo cha mkate uliokaushwa, na divai. Divai haikukosekana hata siku moja. Ndiyo maana nasema mzee alikuwa na pesa.

Kwa mwaka mmoja hivi alipungua karibu kilo 21. Mwaka 1863 akaandika kijitabu akakichapisha kwa fedha zake mwenyewe, toleo la kwanza akaligawa bure. Kikasambaa vibaya sana. Waingereza wakageuza jina lake kuwa kitenzi, na Waswidi mpaka leo ukitaka kusema unapunguza mwili unasema "banta". Madaktari wengi walimbeza: mzika watu anatufundisha udaktari? Alifariki mwaka 1878, akiwa na miaka 81. Sasa sijui nani alimzika nani.

Lakini hata Banting hakuwa wa kwanza. Mwaka 1797 daktari wa jeshi la Uingereza, John Rollo, aliandika juu ya mgonjwa wake wa kisukari, Kapteni Meredith. Alimlisha nyama iliyokwisha kuchacha, na soseji za damu na mafuta ya mnyama. Nadhani lengo la ile nyama iliyochacha lilikuwa kumfanya asitake kula sana, na hapo sina ubishi na Rollo. Baadaye Mfaransa Apollinaire Bouchardat akaona jambo wakati Paris imezingirwa na Waprusia mwaka 1870 na 1871: chakula kilipoadimika, wagonjwa wake wa kisukari wakapata nafuu.

Hapa ndipo hadithi inapoacha kuchekesha, na ndipo ninapotaka tukae.

Kabla ya mwaka 1922, mtoto akipata kisukari kile cha utotoni, ambacho kongosho linashindwa kabisa kutengeneza insulini, alikuwa anakufa. Kilichokuwepo ni chakula tu. Daktari Frederick Allen wa Marekani aliwapa wagonjwa wake mlo mdogo mno, karibu na njaa, ili waishi japo mwaka au miwili ya ziada. Wanga ulihesabiwa kwa gramu. Jikoni, mboga zilichemshwa, maji yakamwagwa, zikachemshwa tena, yakamwagwa, zikachemshwa mara ya tatu, ili hata kile kiwanga kidogo kilichomo kwenye jani kitoke. Fikiria unampikia mwanao kabichi ya namna hiyo huku wenzake wanakula mkate meza moja.

Elizabeth Hughes alikuwa mmoja wa watoto hao. Baba yake, Charles Evans Hughes, alikuwa Waziri wa Mambo ya Nje wa Marekani. Binti alipatikana na kisukari mwaka 1919 akiwa na miaka 11. Alikuwa na nesi wake mwenyewe wa kumpimia chakula. Agosti 1922, akikaribia kutimiza miaka 15, alikuwa na kilo kama 20. Kilo 20! Hapo ndipo alipofikishwa Toronto, ambako mnamo Januari mwaka huohuo kijana wa miaka 14, Leonard Thompson, alikuwa amechomwa insulini. Sindano ya kwanza, tarehe 11, haikumfaa. Iliposafishwa vizuri na kurudiwa tarehe 23, sukari ikashuka. Elizabeth naye akachomwa, akaanza kula, akanenepa, akaolewa, akazaa watoto watatu, akafa mwaka 1981. Daktari aliyempokea pale Toronto anaitwa Frederick Banting. Ndiyo, Banting, jina la ukoo lilelile la mzee wa majeneza. Historia ina utani wake.

Kwa nini nimelikazia hili? Kwa sababu kwenye WhatsApp za familia zetu unazunguka ujumbe usio na jina la mwandishi unaosema: acha wanga siku 30, tupa dawa, utapona. Mama yangu mdogo wa Tabata ana sukari, aliupata ujumbe huo mara tatu kwa wiki moja. Yeye ni kile kisukari cha ukubwani, ambacho kweli kupunguza wanga kunaweza kumshushia sukari, na baadhi ya watu hupunguziwa dawa na daktari wao. Lakini anayetumia insulini au baadhi ya vidonge akikata wanga ghafla bila dozi kurekebishwa, sukari inaweza kushuka mpaka akazimia. Na mtoto mwenye kile cha utotoni akiachishwa sindano, hata umlishe mayai matupu, anarudi mwaka 1921. Jaribio hilo limeshafanyika kwa uangalifu wote na fedha zote za baba waziri, na majibu yake tunayo.

Haya, turudi nyumbani.

Watetezi wa kuacha wanga wanapenda sana kuwataja Wamasai. Wana hoja. Mwaka 1931 John Boyd Orr na John Gilks walitoa utafiti wao kutoka Kenya uliolinganisha Wamasai, wa maziwa, nyama na damu, na Wakikuyu, wa nafaka na mizizi. Wakaandika kwamba mwanamume wa Kimasai alimzidi wa Kikuyu kwa wastani wa inchi tano kwa urefu na paundi 23 kwa uzito. Mwaka 1964 George Mann wa Marekani akachapisha matokeo ya kuwapima wanaume 400 wa Kimasai wa Tanganyika: kolesteroli chini, magonjwa ya moyo hayaonekani. Mwaka 1972 akatoa matokeo ya kupasua maiti, na humo mishipa ilikuwa na mafuta kweli, ila ilikuwa imetanuka, damu inapita. Anayemtaja Mmasai leo kwenye Facebook huwa anaisahau hiyo ya 1972. Na husahau pia kwamba yule Mmasai alikuwa anatembea kutwa nzima nyuma ya ng'ombe, siyo anakaa kwenye foleni ya Ubungo.

Upande wa pili wapo wanaosema ugali ni chakula cha mababu, usiguswe. Nao wapunguze munkari. Mahindi asili yake ni Amerika, yakaja huku baada ya Wareno kufika pwani yetu mwaka 1498. Muhogo ni vilevile. Babu wa babu yako, kama alikuwa wa Dodoma au Singida, ugali wake ulikuwa wa uwele au mtama, na kama alikuwa wa Bukoba alikuwa anakula ndizi. Sembe, ule unga mweupe uliokobolewa mpaka ukang'aa, ni chakula cha mji na mashine. Shirika la Taifa la Usagishaji lilianzishwa mwaka 1968, serikali ikafika mahali ikawa inatia ruzuku kwenye sembe ili wafanyakazi wa mjini washibe, na ruzuku hiyo ikaondolewa mwaka 1984. Wazee wa Dar wanaukumbuka pia "unga wa Yanga", wa mahindi ya njano kutoka Marekani wakati wa shida, ambao hata mashabiki wa Yanga waliula wakiwa wamenuna.

Lakini hapa pana kitu kinachowasumbua watu wa pande zote mbili. Mwaka 1989 jarida la Lancet lilichapisha utafiti wa Dk. Donald McLarty na wenzake wa Muhimbili, waliopima sukari katika vijiji sita vya Tanzania. Waliokuwa na kisukari hawakufika hata mmoja kati ya mia. Na vijijini watu walikula wanga mwingi tu! Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 ukakuta asilimia 9.1 ya wenye umri wa miaka 25 hadi 64. Vipimo na umri havilingani sawasawa, kwa hiyo usichukue kalamu ukatoa tu hesabu. Hata hivyo, pengo ni kubwa. Mimi nasoma hivi: ugali peke yake haukuwa adui. Ugali wa mtu aliyeshika jembe tangu alfajiri, akautia mdomoni na mlenda, ni tofauti na sembe ile ile inayoliwa na soda saa tatu usiku na mtu aliyeshinda kwenye kiti. Anayetaka kubishana, karibu.

Sasa hapo Tabata mama mdogo amefanyaje? Ana watoto watatu na mume fundi seremala. Hakuanzisha sufuria mbili, maana mkaa haumruhusu. Anapika mboga moja kwa nyumba nzima, nyingi kuliko zamani: kisamvu cha nazi, au bamia na nyanya chungu, dagaa wa Kigoma, kibua wa kukaanga, mayai siku za mwisho wa mwezi. Ugali anasonga dona. Mume na watoto wanakula kama kawaida, yeye anachukua tonge la ukubwa wa ngumi ya mtoto, sahani iliyobaki ni mboga.

Ugumu ulikuwa kwenye lugha. Kwa Kiswahili chetu ugali au wali ndiyo "chakula", kilichobaki chote, hata kiwe kuku mzima, ni "mboga". Nani hapa hakuchapwa utotoni kwa kula mboga tupu? Kumaliza nyama kabla ya ugali ilikuwa tabia mbaya, karibu na wizi. Halafu leo mama mzima anakaa mkekani mbele ya wanawe anakula mboga tupu kwa amri ya kliniki. Mkwe wake alipomtembelea alimwuliza kama nyumba imeishiwa unga.

Wenzetu wa Afrika Kusini walishagombana juu ya meza ya familia mpaka kwenye baraza. Profesa Tim Noakes alitoa na wenzake kitabu cha mapishi ya aina hii mwaka 2013, na huko mlo wenyewe wanauita "banting", kwa heshima ya yule mzee wa majeneza. Mwaka 2014 akamshauri mama mmoja kwenye Twitter amwanzishie mwanawe vyakula vya namna hiyo anapomwachisha kunyonya. Akashtakiwa kwenye baraza la taaluma za afya, akasafishwa mwaka 2017, rufaa dhidi yake ikatupwa mwaka 2018.

Tabata ugomvi ni wa bei. Unga unashibisha watu watano kwa pesa ndogo, samaki hashibishi hivyo. Banting alikuwa na kampuni, Elizabeth alikuwa na baba waziri. Mama mdogo hela ya mboga ya wiki ilikuwa inakatika Alhamisi. Shemeji akamtengenezea fremu ya mbao, akajaza viroba udongo nyuma ya nyumba, na mama mdogo akapanda matembele. Majani anachuma kila siku mbili. Vile viazi vitamu vinavyotokea chini ya viroba anawagawia majirani.