Ndege Kuukuu za Vita: Zirushwe au Zitulie?

Hapa Mavivi, kwenye uwanja wa ndege wa Beni, mngurumo ukisikika watu hutazama juu kwanza. Na waliokuwa watoto mwaka 1964 mashariki mwa Kongo waliziona T-28, ndege za mafunzo zilizotiwa silaha, na B-26 za injini mbili, ambazo Marekani ilizileta na Wakuba waliohama kwao wakazirusha dhidi ya waasi wa Simba.

Ng'ambo, ndege kuukuu za vita zingali zikirushwa, ati chombo kisichoruka hufa. Lakini tarehe 12 Novemba 2022, huko Dallas, ndege ya kivita P-63 ilipoigonga B-17, ndege ya kudondosha mabomu, katikati ya maonyesho, roho 6 zilitoweka, na ndege mbili adimu zikageuka mabati. Kwa rai yetu, iliyo adimu na ikae chini ya paa, mbali na mvua, injini yake ikiwashwa mara mojamoja kwa wanaotaka kuusikia mlio ule. Maana wapo wasioutamani tena.