Bwami ya Warega: siku kanuni ilipogeuzwa kuwa kosa

Tunapofundisha sosiolojia katika mashule yetu ya sekondari, tunawaambia wanafunzi kwamba kila jamii iko na kanuni zake. Mwenye kuziacha anaitwa mpotovu, na kama sheria imeandika kosa lake, anaitwa mhalifu. Ni kweli. Lakini linabakia swali: nani anaamua? Historia ya Bwami kule Urega (Mwenga, Shabunda, Pangi) inalijibu vizuri.

Warega wa zamani hawakuwa na mfalme mmoja, wala polisi, wala gereza. Kilichowashika watu pamoja ni ukoo na Bwami. Wanaume walipanda daraja kwa daraja, tangu kongabulumbu hadi kindi. Wanawake nao walikuwa na daraja zao, hadi bunyamwa. Kupanda hakukuwa jambo la utajiri tu. Mtu alileta mali, tena nyingi, na mali ile iligawanywa. Lakini bila ndugu wa kumsimamia na bila tabia njema, alibaki chini. Mgomvi na mchoyo walijua wanajifungia mlango wenyewe.

Mafundisho yalipita kwa mezali, kwa ngoma na kwa vitu vya kuchongwa. Sakimatwematwe, mwenye vichwa vingi, ni yule anayeona pande zote mbele ya kusema. Wayinda ni mwanamke mwenye mimba aliyezini na kuleta matata. (Mwanaume wake, katika sanamu hiyo, hayumo!)

Mwaka 1893 Mfaransa Émile Durkheim aliandika kwamba tendo halilaaniwi kwa kuwa ni kosa. Linakuwa kosa kwa sababu linaumiza dhamiri ya wote. Sawa. Lakini Urega dhamiri mbili zilikutana. Wabeleji waliona watu wanaokusanyika kwa siri, wanaomaliza siku nyingi kwa sherehe badala ya kazi ya Leta, na wazee wanaosikilizwa kuliko chifu aliyewekwa na serkali. Mwaka 1948 Bwami ilikatazwa rasmi. Mzee aliyelala mlinzi wa kanuni aliamka mkosaji. Tendo lake halikubadilika hata kidogo. Aliyebadilika ni mwenye kulihukumu. Mmarekani Howard Becker alieleza jambo hilo mwaka 1963: upotovu si tendo tu, ni jina ambalo wenye nguvu wanamgandisha mtu.

Na katazo halikuua kitu. Miaka ya 1950 Daniel Biebuyck alikuta Bwami ingali hai, akaisoma kwa urefu. Ila sanamu nyingi zilishachukuliwa, na leo ziko ndani ya vioo vya makumbusho ya Ulaya. Kumbe ushahidi wa kosa umekuwa sanaa.

Hata hivyo tusikimbilie kusema kwamba desturi daima ina haki mbele ya sheria. Sheria namba 06/018 ya tarehe 20 Julai 2006 ilirekebisha kodi ya adhabu ya 1940 juu ya ubakaji. Mara ngapi jamaa mbili zilikuwa zimemaliza jambo hilo kwa mbuzi, au kwa kumuoza msichana kwa yule yule aliyemharibu? Kuna wazee wanaoiita sheria ile mambo ya kizungu. Basi tuwaulize pia swali letu: nani aliamua? Mbuzi zilienda kwa baba. Msichana hakuitwa barazani.