Shule Zetu za Msingi Katika Miaka ya Korona, 2020 hadi 2022

Katika kijitabu cha Jubili ni desturi kuandika habari za majengo: mwaka gani msingi ulichimbwa, nani walibeba mawe, mabati yalitoka wapi, na kengele ya kwanza ililetwa na nani. Habari hizo ni njema, nazo zina mahali pake. Lakini iko habari nyingine ya shule za Afrika ya Mashariki ambayo haikuandikwa juu ya jiwe lo lote. Ni habari ya miaka ile ambayo majengo yalikuwa mazima na milango yake imefungwa, nyasi zikaota katika kiwanja cha michezo, na watoto wakakaa nyumbani. Waalimu wengi waliofanya kazi siku zile wangali pamoja nasi, na wazazi wanakumbuka. Yafaa habari hiyo iandikwe sasa, kabla mambo hayajachanganyika.

JINSI MARADHI YALIVYOFIKA

Maradhi ya kuenea si mageni katika nchi hizi. Mwezi wa Septemba 1918 mafua makuu yaliingia Mombasa kwa njia ya bahari, yakafuata reli mpaka bara, yakaenda pamoja na askari na wapagazi wa vita vile vikuu. Zamani zile habari yenyewe ilitembea kwa miguu, na mara nyingi maradhi yalifika kijijini kabla ya onyo.

Mwaka wa 2020 haikuwa hivyo. Onyo lilitangulia. Mgonjwa wa kwanza wa korona alitangazwa Kenya tarehe 13 Machi, na Tanzania tarehe 16 Machi. Siku mbili baada ya tangazo la kwanza, Serikali ya Kenya iliamuru shule zifungwe, na Tanzania ikafanya vivyo hivyo tarehe 17. Uganda ilifunga shule zake tarehe 20 Machi, siku moja kabla mgonjwa wa kwanza hajatangazwa katika nchi ile. Burundi haikufunga. Katika dunia nzima wanafunzi zaidi ya milioni 1,500 walikuwa nje ya madarasa mwezi wa Aprili, jambo ambalo halijapata kuonekana tangu shule zilipoanza.

Watoto walipoambiwa waende nyumbani, wengi walishangilia, kwa kuwa walidhani ni likizo ya majuma machache. Waalimu nao walidhani hivyo. Wengi waliacha vitabu kabatini na hesabu ya siku ile ubaoni.

Muda haukuwa sawa kwa wote. Tanzania ilifungua shule za msingi tarehe 29 Juni 2020, baada ya miezi mitatu na nusu hivi. Kenya iliwarudisha watoto wa Gredi ya 4 na wa darasa la nane tarehe 12 Oktoba, na wengine wote tarehe 4 Januari 2021. Uganda iliwarudisha kwanza wale wa mtihani mwezi wa Oktoba 2020, kisha madarasa mengine kidogo kidogo, halafu ikafunga tena mwezi wa Juni 2021. Shule zote zilifunguliwa tarehe 10 Januari 2022, karibu miaka miwili tangu zilipofungwa. Watoto wapata milioni 15 waliguswa na jambo hili. Walioumia zaidi walikuwa wadogo wa darasa la kwanza hata la tatu, maana zamu yao ya kurudi ilipokaribia, milango ilifungwa tena. Mtoto aliyekuwa ndiyo kwanza anajifunza kuunganisha herufi mwaka wa 2020 hakuketi tena darasani mpaka mwaka wa 2022.

SHULE BILA NYUMBA YAKE

Basi, shule itaendeleaje ikiwa watoto hawawezi kukusanyika? Jibu la kwanza lilikuwa redio. Jibu hili si jipya. Mwezi wa Septemba 1937, maradhi ya kupooza watoto yalipoingia mji wa Chicago katika Marekani, watoto walifundishwa kwa redio, na magazeti yakachapa ratiba ya masomo. Na Sierra Leone, shule zilipofungwa kwa sababu ya Ebola mwaka wa 2014, ilifuata njia iyo hiyo. Kwetu pia masomo yalisomwa katika redio na televisheni: Kenya kwa kazi ya Taasisi ya Ukuzaji Mitaala pamoja na KBC, na Tanzania kwa Taasisi ya Elimu pamoja na TBC. Uganda ilichapa masomo katika karatasi na magazeti ili yapelekwe vijijini.

Redio ilifanya kazi njema, wala haifai kuidharau. Lakini ilikuwa na upungufu wa namna mbili. Kwanza, haikuwako katika kila nyumba. Na nyumba iliyokuwa nayo yaweza kuwa na watoto wanne wa madarasa manne, na redio ni moja, na betri zauzwa kwa fedha. Pili, redio yasema tu, haisikii. Wazee walisema kuuliza si ujinga. Lakini mtoto aliyekwama katika kugawanya hakuwa na wa kumwuliza, na sauti ikaendelea mbele bila yeye.

Jambo hili lilionekana wazi huko Botswana mwaka wa 2020. Wataalamu walichagua nyumba zaidi ya 4,000 zenye watoto wa darasa la tatu hata la tano. Nyumba nyingine zililetewa hesabu kwa ujumbe wa simu peke yake. Nyingine zililetewa ujumbe ule ule, na tena mwalimu akapiga simu mara moja kwa juma, akazungumza na mzazi na mtoto kwa muda wa robo saa au zaidi kidogo. Baada ya miezi michache watoto waliopigiwa simu walionekana wamepata faida ya kweli katika hesabu. Wale wa ujumbe peke yake walipata kidogo sana. Simu zilizotumika zilikuwa zile za kawaida, ambazo karibu kila nyumba inazo. Faida ilitoka kwa mtu aliyemwita mtoto kwa jina na kungoja jibu lake.

Waalimu wetu wengi walikwisha kulijua hilo pasipo kufundishwa. Wako waliokwenda nyumba kwa nyumba wakiwa wamevaa barakoa, wakasimama uani, wakasahihisha madaftari, wakaacha kazi ya juma lijalo. Kazi hiyo haikuandikwa katika ratiba yo yote.

MSHAHARA NA UJI

Tusiifanye habari hii iwe tamu kuliko ilivyokuwa. Mwalimu aliyeajiriwa na Serikali aliendelea kupata mshahara wake. Lakini mwalimu wa shule inayoendeshwa kwa ada hakupata, maana mtoto asipokuja, ada haiji. Watu waliozoea kuitwa Mwalimu kwa heshima walionekana wakifyatua matofali, wakiuza mboga barabarani, wakiendesha bodaboda. Katika kaunti ya Kirinyaga, Kenya, shule moja ilifuga kuku ndani ya vyumba vya madarasa na kulima mboga kiwanjani, ili wenyewe wapate kula. Shule nyingine hazikufunguliwa tena. Na waalimu wengine, walipokwisha kuonja kazi nyingine, hawakurudi.

Tena uko uji. Mtu asiyekaa karibu na shule hufikiri kwamba watoto huja kwa ajili ya kusoma tu. Mwalimu ajua kwamba kwa watoto wengine kikombe cha uji cha saa nne ndicho chakula cha kwanza cha siku. Mlango wa shule ulipofungwa, na jiko nalo lilizimwa.

KURUDI

Shule zilipofunguliwa, kazi ilikuwa nzito kuliko ile ya kufunga. Mwalimu Mkuu alitakiwa aweke maji na sabuni mlangoni, na pale pasipo bomba mafundi wa kijiji wakatengeneza vibuyu chirizi kwa madumu na kamba, mtoto akakanyaga kijiti na maji yakamwagika mikononi bila kushika kitu. Alitakiwa ahakikishe barakoa. Alitakiwa pia awatenganishe watoto, na hapo ndipo hesabu ilipokataa: chumba kilichokuwa kimebanwa na watoto sitini kitawezaje kuwaweka mbali mbali? Marehemu George Magoha, aliyekuwa Waziri wa Elimu wa Kenya, alisema watoto na wafundishwe chini ya miti ikiwa vyumba havitoshi. Wengine walicheka, lakini wazee walikumbuka kwamba shule nyingi za kwanza zilianza hivyo hivyo. Rwanda ilichukua njia ya kujenga, ikaanza mwaka ule wa 2020 kazi ya vyumba zaidi ya 22,000, na wananchi wakatia nguvu za mikono yao.

Kalenda nayo ilivurugika. Watoto wa Kenya waliopaswa kufanya mtihani wa mwisho wa shule ya msingi mwaka wa 2020 waliufanya mwezi wa Machi 2021, nao walikuwa zaidi ya milioni moja. Ili kuurudisha mwaka mahali pake, mihula ilifupishwa na likizo zikakatwa, na mwaka wa masomo haukurudi kuanza mwezi wa Januari mpaka mwaka wa 2023. Watoto walichoka, na waalimu walichoka pamoja nao.

MAJINA YASIYOITIKA

Lakini siku ya kwanza ya kurudi, kabla ya maji na barakoa, mwalimu alifungua kitabu cha mahudhurio akaita majina. Hapo ndipo shule ilipojua imepoteza nini. Jina moja lilikuwa la mvulana aliyekwenda kuchimba dhahabu au kuvua samaki, akazoea kushika fedha. Jina lingine lilikuwa la mtoto ambaye wazazi wake walihama. Na majina mengi mno yalikuwa ya wasichana walioozwa au waliochukua mimba. Katika Uganda, Mamlaka ya Mipango ya Taifa ilionya mwaka wa 2021 kwamba pengine mwanafunzi mmoja katika kila watatu hivi hatarudi.

Tena, shida haikuwa ya maradhi peke yake, maana mlango mwingine ulikuwa umefungwa na watu. Sierra Leone, ilipofungua shule baada ya Ebola mwaka wa 2015, iliwakataza wasichana wenye mimba wasiingie. Katazo lile liliondolewa mwezi wa Machi 2020, mwezi ule ule ambao shule zetu zilifungwa. Tanzania ilitoa ruhusa mwezi wa Novemba 2021 kwamba msichana aliyejifungua arudi katika shule ya kawaida. Basi, wako waliorudi na watoto wao mgongoni kwa bibi zao, na wako waliochelewa kusikia habari hiyo.

Katika Kenya machifu na manaibu wao waliagizwa kuwatafuta watoto. Lakini amri ya chifu yaweza kumleta mtoto mpaka lango la shule. Kumfanya akae ni kazi nyingine. Waliofaulu zaidi ni wale waalimu waliokwenda wenyewe nyumbani, wakakaa na mama na baba, wakasikiliza kwanza, wakaeleza kwamba binti hatachekwa wala kijana hatapigwa kwa kuchelewa, nao wakailinda ahadi hiyo darasani.

LILILO LA KUKUMBUKA

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Miaka ile ilionyesha kwamba neno hili ni la watoto pia. Shule iliyokuwa na majengo mazuri, lakini haikumwulizia mtoto hata mmoja mpaka siku ya kufungua, iliwapoteza wengi bila kujua ni akina nani. Shule yenye ukuta wa udongo ambayo mwalimu wake alijua kila nyumba iliwakosa wachache, na hao wachache aliweza kuwataja.

Maradhi mengine yatakuja. Historia yetu tangu mwaka wa 1918 haituachi kudhani vingine. Kwa hiyo yatupasa kujiweka tayari siku za afya. Kila mwalimu awe na orodha ya nyumba za watoto wake na namba za simu za wazazi, iliyohakikishwa kila muhula. Kila halmashauri ya shule ijue mapema mwalimu asiyelipwa na Serikali atakula nini milango ikifungwa. Na kila mzazi amjue mwalimu wa mtoto wake kwa jina, kama mwalimu amjuavyo mtoto.

Wako waalimu ambao hata leo huweka kabatini kitabu cha mahudhurio cha mwaka wa 2020, kina alama mpaka katikati ya Machi, kisha kurasa nyeupe. Kitabu hicho na kitunzwe pamoja na picha za mawe ya msingi, maana nacho ni sehemu ya historia ya shule.