Uwanja Mmoja, Ngoma Mbili

Mtama ukishavunwa na pamba ikianza kuuzwa, vijiji vya Wasukuma vya Bariadi, Itilima, Maswa na Meatu huingia msimu mwingine: msimu wa mbina, ngoma za mashindano. Makundi mawili hupatana siku, hukutana kwenye uwanja mmoja, na kila moja hupiga ngoma zake na kuimba nyimbo zake wakati uleule. Kwa desturi, mwamuzi ni umati. Watu wanakohamia kwa wingi, huko ndiko kwenye ushindi, na shindano laweza kuendelea siku kadhaa kabla upande mmoja haujabaki na vumbi lake.

Upinzani huu una wenyewe. Masimulizi ya Usukumani huuanzishia katikati ya karne ya 19, kwa Ngika na Gumha, waganga wawili waliokuwa pia viongozi wa ngoma. Walitaka kujua dawa ya nani ina nguvu zaidi ya kuvuta watu. Wafuasi wa Ngika wakawa Wagika, wale wa Gumha wakawa Wagalu, na mgawanyiko huo ukasambaa Usukumani kote, hadi huku mashariki ambako mwaka 2012 paliundwa Mkoa wa Simiyu. Dawa ya mvuto huitwa samba, na siri yake hulindwa na viongozi wa ngoma. Habari za ngoma za Wasukuma zikiandikwa, samba ndiyo huchukua nafasi kubwa, pamoja na chatu na fisi wanaoletwa uwanjani kuduwaza watu. Kinachosahaulika ni mazoezi.

Mzigo wa mazoezi uko kwa ningi, manju wa kundi. Ndiye mtunzi, ndiye kinara wa sauti, na kila msimu hudaiwa nyimbo mpya, maana wimbo wa mwaka jana umati unaujua na mpinzani ameshaupatia jibu. Lazima awe na fumbo la kumchoma ningi wa upande wa pili, sifa za watu wa kwao, na habari za mwaka: njaa, bei ya pamba, kiongozi aliyekula fedha za watu. Kisha awafundishe waitikiaji mpaka kiitikio kiwakae vinywani, kwa kuwa uwanjani masikio yao yatajaa ngoma za adui. Kundi lisilokomaa kwa mazoezi huanza kufuata pigo la jirani bila kujua. Likifika hapo limekwisha.

Nadhani kishindo hicho cha ngoma ndicho sababu ya ala za nyuzi kusikika kidogo Usukumani. Tanzania ina fidla yake ya asili: zeze la Wagogo, kibuyu kilichowambwa ngozi, nyuzi zikisuguliwa kwa upinde. Mwanamuziki wa Kigogo Hukwe Zawose, aliyefariki mwaka 2003, alilipiga kwenye majukwaa ya Ulaya. Wajaluo wana orutu yao ya uzi mmoja. Wasukuma wana ndono, upinde uliofungwa kibuyu. Mpigaji hugonga uzi kwa kijiti huku akikibana kibuyu kifuani na kukiachia, sauti ikijaa na kupungua. Ndono ni chombo cha mtu mmoja na wasikilizaji wachache walio karibu. Ukiipeleka katikati ya Wagika na Wagalu, hata mpigaji mwenyewe hataisikia.

Tukirudi kwenye mazoezi, hayakungoja kiangazi. Vikundi vya kulima kwa zamu viliimba mashambani, ngoma ikitangulia na majembe yakishuka kwa pigo moja; ndiko ilikotoka bugobogobo, ambayo wachezaji wake hurusha jembe juu na kulidaka bila kupoteza hatua. Pamba iliipa kazi hiyo nguvu mpya. Kulima eka nyingi kulihitaji mikono mingi, na mikono mingi ilihitaji wimbo. Miaka ya 1950 wakulima wa Kanda ya Ziwa walipojikusanya katika ushirika chini ya Paul Bomani, na muungano wao wa Victoria Federation ukaanzishwa mwaka 1955, mkulima wa Maswa alikuwa akiingia gulioni akiwa na sauti iliyozoezwa shambani. Frank Gunderson, mtafiti wa muziki kutoka Marekani, alichapisha mwaka 2010 kitabu chenye nyimbo zaidi ya 300 za kazi za Wasukuma. Kinastahili kuwapo katika kila maktaba ya Simiyu.

Kanisa nalo lilijifunza kwa Wagika na Wagalu. Huko Bujora, karibu na Mwanza, Padri David Clement kutoka Kanada aliipa sikukuu ya Ekaristi, Bulabo, mashindano ya ngoma, na upinzani uleule ukakubalika uwanjani mwa parokia.

Serikali ilichukua njia nyingine. Tangu Nyerere alipounda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana mwaka 1962, ngoma imepewa heshima ya jukwaa: kikundi kimoja, mbele ya meza kuu, kwa dakika chache kabla ya hotuba. Heshima hiyo ni ya kweli, lakini imeondoa mpinzani, na bila mpinzani ningi hana sababu ya kukesha akitunga. Wimbo uleule wa kumkaribisha mgeni rasmi utatosha miaka 10.

Uwanja wa Nyakabindi, nje ya mji wa Bariadi, ulipokea Nane Nane ya kitaifa mwaka 2018, 2019 na 2020. Una nafasi tele. Waandaaji wa sherehe zijazo wawape Wagika upande mmoja na Wagalu upande wa pili, mchana kutwa, bila kipaza sauti wala ratiba ya dakika. Wawape taarifa miezi mitatu kabla, manju wapate muda wa kutunga na waitikiaji wa kufanya mazoezi.